Bwana Rudi Tena na Skrubu Mbili za Ngoma ya Nyuma

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, mkaguzi mkuu wa breki wa kituo chetu cha ukaguzi wa magari atavua koti lake la buluu na kulirudisha stoo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili na miezi mitatu ya utumishi. Katika muda wote huo hajawahi kuchelewa kazini, isipokuwa siku kumi za kazi mfululizo ambazo nitazieleza hapa kwa idhini yake. Idhini yenyewe aliitoa shingo upande.

Aliajiriwa kama mlinzi wa geti. Kazi yake ilikuwa kuandika namba za magari yanayoingia, lakini haukupita mwezi akawa anawaambia madereva, kabla hawajamfikia mkaguzi, kwamba breki zao zinalia na wageuze warudi walikotoka. Uongozi wa wakati huo ukaona ni heri apelekwe kusomea ukaguzi, ili awakere watu kihalali. Akahitimu, akapewa njia ya kwanza ya kupimia magari, na hajatoka hapo hadi leo.

Wateja wakambandika jina la Bwana Rudi Tena, kwa sababu ya maneno mawili aliyoyaandika chini ya kila fomu ya gari lililoshindwa. Alisalimia matairi kabla ya kumsalimia mwenye gari. Gari la mkurugenzi alilikataa mara mbili katika wiki moja. Dereva mmoja alileta gari lililooshwa, likang'arishwa na kupuliziwa manukato hadi kwenye buti. Fomu yake tunaicheka mpaka kesho: "Linanukia vizuri. Halisimami. Rudi tena."

Jambo moja tu lilimtoa kwenye ustaarabu wake, nalo ni skrubu. Ngoma ya breki, lile bakuli la chuma linalofunika breki za gurudumu la nyuma, kwenye magari mengi hushikiliwa na skrubu mbili ndogo. Zikiingia kutu zinaganda kama zimechomelewa. Basi watu waliojaribu kujitengenezea breki nyumbani walirudi kituoni mikono mitupu, wakisema skrubu zimegoma, na Bwana Rudi Tena hakuwaamini hata mmoja. Kwake huo ulikuwa uvivu uliopewa jina la kifundi. Mwanamke mmoja anayeendesha gari la kubeba wanafunzi, ambaye wote tunamwita Mama Vani, alikataliwa mara tatu kwa ngoma ileile. Mara ya tatu aliambiwa mbele ya foleni nzima: "Skrubu haigomi, mama. Anayegoma ni mwenye gari."

Mama Vani alikunja fomu yake, akaondoka bila kujibu. Jibu alikuwa nalo, ila foleni ilikuwa ndefu na watoto walikuwa wanasubiri kufuatwa shuleni.

Haukupita mwaka, zamu ikafika ya gari la Bwana Rudi Tena mwenyewe. Kanuni inataka gari la mfanyakazi likaguliwe na mwenzake, na siku hiyo ya Jumatatu mwenzake nilikuwa mimi, mkaguzi wa njia ya pili, mwenye miezi minne kazini. Nililipandisha kwenye mashine ya kupimia breki. Gurudumu la nyuma kushoto lilishika kwa nusu ya nguvu ya la kulia. Nikapima tena, nikapima mara ya tatu, nikiomba mashine iwe ndiyo mbovu. Wenzangu wakaanza kukohoa. Mmoja aliondoka kwenda kutafuta kalamu akiwa na kalamu mbili mfukoni.

Nikaandika kwamba gari limeshindwa. Bwana Rudi Tena aliisoma fomu kuanzia juu hadi chini, akanirudishia.

"Binti," alisema, "umesahau sahihi."

Aliliendesha gari polepole hadi nyumbani, kama kanuni inavyoruhusu, akalitia matofali magurudumuni, na kuanzia kesho yake akawa anakuja kazini kwa miguu. Ni kilomita sita, ndiyo maana alichelewa. Ubaya ni kwamba barabara hiyo ndiyo inayotumiwa na watu aliowahi kuwarudisha. Walipunguza mwendo, wakapiga honi, wakajitolea kumpa lifti kwa adabu iliyozidi kipimo. Yeye alikataa kwa adabu hiyohiyo, na kwa kuwa gari lilikuwa limekwisha simama, aliinama kidogo kutazama tairi zake.

Jumamosi mchana, baada ya kazi ya nusu siku, alimwambia mkewe, ambaye ni muuguzi, kwamba anatengeneza breki na hiyo ni kazi ya saa moja. Mkewe aliuliza kama ana hakika, maana mama yake mzazi alikuwa anakuja Jumapili ya wiki inayofuata na amekwisha ahidiwa kupokewa kwa gari. Mume akasema saa moja ni kwa kuzidisha.

Skrubu ya kwanza ilikataa. Alikandamiza bisibisi, ikateleza, na kile kimsalaba cha kichwani mwa skrubu kikalika mpaka kikawa kitundu cha duara. Akaiacha, akaivamia ya pili kwa nyundo. Akamwaga maji ya moto. Akaja jikoni kimyakimya, akaondoka na chupa ya mafuta ya kupikia. Mkewe alipotoka na kuikuta chupa kando ya gurudumu, aliuliza kama nia ni kuitoa skrubu au kuikaanga. Hadi Jumapili adhuhuri bisibisi mbili zilikuwa zimevunjika na vidole vitatu vimechubuka. Mkewe alivifunga bandeji bila kuuliza swali lolote, na Bwana Rudi Tena anasema ukimya ule ulimuuma kuliko vidonda.

Jumatano mkewe alitaja, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba Mama Vani anakaa nyumba ya tano kutoka kwao na gari lake siku hizi linasimama vizuri. Mume akajibu kwamba ni afadhali ambebe mama mkwe mgongoni. Alhamisi alipotoka kazini alipita nyumba ya tano, akasimama, akapita tena. Mara ya tatu mkewe alikuwa anamngoja pale mlangoni pa Mama Vani, na alikwisha kubisha hodi kwa niaba yake.

"Mama, ni zile skrubu," alisema mlango ulipofunguliwa. "Zimegoma."

Mama Vani alimwomba arudie, kwamba hakusikia vizuri. Akarudia. Mkewe anasema alitegemea kicheko, lakini Mama Vani hakucheka.

"Uliniita mvivu mbele za watu," alisema, "na mimi ndiye niliyeaminiwa watoto wao. Ningekuwa mvivu nisingerudi mara tatu."

Mwenzetu alimwambia ana haki, kwamba alimkosea yeye na wengine wengi, na akamwomba radhi palepale kizingitini. Ndipo Mama Vani akaenda kuchukua mfuko wake wa vifaa.

Alisugua kutu kwa brashi ya waya, akapulizia mafuta ya kulainisha kutu kwenye skrubu zote mbili, akasema sasa mtu asiziguse mpaka kesho. Bwana Rudi Tena alitaka kujaribu kidogo tu. Mama Vani akaichukua nyundo, akaondoka nayo kwake.

Ijumaa jioni alirudi na bisibisi nzito ya aina ile ambayo ukiigonga kwa nyundo, ncha yake hujizungusha yenyewe. Alimwonyesha aishike wima, aikaze skrubu kidogo kwanza ndipo ailegeze, na asigonge kwa hasira. Skrubu ya pili ikaachia kwa mlio mdogo kama wa biskuti inayotafunwa. Ile ya kwanza, iliyolika kichwa, Mama Vani aliitoboa kwa keekee mpaka kichwa kikadondoka. Kilichobaki kingetolewa kwa plaisi ngoma ikishatoka.

Lakini ngoma haikutoka. Bwana Rudi Tena aliivuta, akaitikisa, akaikumbatia kwa mikono yote miwili, jasho likamtiririka, akaanza kueleza jinsi kutu inavyoweza kushika hata pasipo na skrubu. Mama Vani alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mlango wa dereva, akainama ndani, akashusha breki ya mkono.

Ngoma ilichomoka kama kifuniko cha sufuria, na mkaguzi mkuu wa breki akakaa chini nayo mapajani. Mkewe aliingia ndani akafunga mlango, lakini kicheko chake kilisikika hadi mtaa wa pili.

Breki za ndani wakazitengeneza usiku uleule. Jumamosi asubuhi nililipima gari upya, magurudumu yote yakashika sawasawa. Jumapili mama mkwe alipokewa kwa gari, akalalamika njia nzima kwamba linasimama kwa ghafla mno.

Jumatatu Bwana Rudi Tena aliomba meza, akaiweka karibu na njia ya kutokea, juu yake akapanga ngoma kuukuu iliyojaa kutu, brashi ya waya na bisibisi ya kugonga. Mkurugenzi alimkumbusha kwamba mkaguzi haruhusiwi kutengeneza magari ya wateja. Alijibu kwamba hatengenezi, anazungumza tu. Akamwalika Mama Vani, akamsimamisha mbele ya foleni, akawaambia watu kwamba alimkosea mahali palepale na kwamba atakayowafundisha ameyapata kwake. Tangu siku hiyo, kila mchana, anatumia nusu ya mapumziko yake pale mezani. Zamani wengi walirudi mara tatu. Sasa wengi wanafaulu wanaporudi mara ya kwanza.

Nilipokuwa naandaa wasifu huu nilipewa faili lake nichukue tarehe. Ndani nilikuta karatasi nisiyoijua, yenye tarehe ileile niliyolikataa gari lake. Kumbe jioni ile uongozi ulitaka fomu yangu ichanwe, nami nihamishiwe masijala kwa kukosa heshima kwa wakubwa. Yeye alikuwa ameandika: "Gari langu ni bovu. Binti amepima sawasawa. Akitolewa njia ya pili, na mimi nitolewe ya kwanza."

Miaka kumi tumekunywa chai meza moja, hakuwahi kunigusia. Kuanzia Jumatatu nitasimama njia ya kwanza, mahali pake. Mzee wetu, kwa niaba ya kituo kizima tunakushukuru, na tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na miaka mingi ya furaha wewe na mama. Shukrani zangu mimi zimechelewa miaka kumi, kwa kuwa sikujua. Naomba uzipokee leo, mbele ya wote.