Mgonjwa wa Kwanza wa Dada Yangu

Ndugu waombolezaji, mimi ndiye mgonjwa wa kwanza wa marehemu, niliwahi kuzimia, kuvunjika nyonga, kupooza upande mmoja na hata kufa mikononi mwake, yote hayo juu ya kitanda cha mama yetu, na anayedhani naongopa anyooshe mkono sasa hivi, maana nikishaanza sitasimama. Sioni mkono. Mjomba aliniandikia karatasi fupi yenye heshima zake, akaniomba nisiongeze neno, na kwa kuwa mjomba ananifahamu tangu nazaliwa, hata yeye hakutarajia ningemsikiliza, kwa hiyo tarehe ni zake, maneno mengine ni yangu.

Marehemu dada yangu alizaliwa tarehe 9 Juni 1997, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, akiwa mtoto wa kwanza wa mama yetu, mshona nguo mnayemjua wote, na wa marehemu baba yetu, aliyekuwa dereva wa lori. Inasemekana hakulia mpaka mkunga alipompiga kofi la pili, na mimi naamini, kwa sababu hata ukubwani alikuwa hasemi mpaka achokozwe, na miaka sita baadaye nilipozaliwa mimi, nililia kwa niaba ya wote wawili.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 2004 hadi 2010, akamaliza sekondari mwaka 2014, akifaulu biolojia vizuri na hesabu kwa kudra, wakati mimi niliacha shule mapema ili walimu wapumzike, nikawa fundi simu, na mtaa huu hauna fundi wa kunifikia, anayebisha kuhusu hilo atanikuta kibandani Jumatatu.

Mwezi Januari 2016 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akayajua mashuka ya wagonjwa kabla ya kuwajua wagonjwa wenyewe, akirudi jioni mikono imechubuka kwa dawa ya kufulia, na akikaa kula anatuambia shuka la leo lilimwonyesha kwamba kuna mtu amelala upande mmoja siku nzima bila kugeuzwa, mpaka mama anamwambia, mwanangu, hapa tunakula. Hiyo ndiyo sababu ya kwenda chuo, wala hakuwa na nyingine, alitaka kumfikia yule mtu kabla shuka halijamfikia yeye.

Alijiunga na chuo cha uuguzi mwezi Septemba 2021, kwa kozi ya miaka miwili, darasani asubuhi, wodini mchana. Chuoni walifanyia mazoezi sanamu la plastiki, wakaliita Bi Kimya, wanaliosha, wanaligeuza, wanalitandikia shuka likiwa juu ya kitanda, na dada yangu alikuwa hodari kuliko wote, kwa sababu yeye na Bi Kimya walielewana, hakuna aliyemsemesha mwenzake. Basi mwezi Aprili 2022, katika mtihani wake wa kwanza wa vitendo, akapewa mzee aliyevunjika nyonga, akamshika bega na paja barabara kama alivyofundishwa, akamgeuza bila neno, na yule mzee akapiga kelele iliyosikika hadi kwenye korido, si kwa maumivu bali kwa mshtuko. Mkufunzi, ambaye namwona amekaa pale na simwogopi, alimwambia mbele ya wenzake, "Huyu si godoro, binti," akamfelisha.

Alirudi nyumbani akajifungia, na alipotoka alisema sanamu limemharibu kwa kuwa halilalamiki, anahitaji mgonjwa msumbufu, na katika nyumba hii hakukuwa na haja ya kutangaza nafasi hiyo. Jioni zote za mwezi ule nililazwa. Alikuwa anasimama pembeni ya kitanda, anasema, mimi ni mwanafunzi muuguzi, nakugeuza upande wa kushoto, uko tayari, kisha anasubiri, na mimi nasema siko tayari, muuguzi mwenyewe ana sura ya kutisha, niletee soda kwanza, naye anasubiri, mikono hewani, hanigusi hadi nikubali. Siku moja nilimwuliza kwa nini asinigeuze tu yaishe, akanijibu kwamba kusema hata redio inasema, kazi yenyewe ni kusubiri mtu akujibu. Mwezi Juni alirudia mtihani akafaulu, na mkufunzi alipomwuliza nani amemsaidia, alisema ni mdogo wangu, mgonjwa mbaya sana.

Kwa upande wa ndoa, marehemu hakuwahi kufunga, ila alichumbiwa mwezi Desemba 2022 na fundi umeme, yule aliyeinamisha kichwa mwisho wa benchi, nilimkagua mwenyewe nikampitisha, hata simu yake nilimtengenezea bure, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mwingine. Watoto hakujaaliwa, isipokuwa mimi, nami alinihesabu kila alipofua nguo zangu.

Mwezi Februari 2023, akiwa amebakiza muhula mmoja, tulikuwa tumekaa mlangoni, akavua viatu vya wodini, akabonyeza mguu wake juu ya kifundo kwa kidole gumba, akauachia, na lile shimo likabaki vilevile. Nilicheka nikamwambia amegeuka unga wa mkate. Hakucheka, alilitazama lile shimo mpaka likajaa, kisha akasema ni viatu vinabana, na sasa najua kwamba alikuwa ameshasoma, alijua ni figo, alijua na kinachofuata. Mwezi Mei alilazwa kwenye wodi ileile aliyojifunzia, kitanda cha dirishani, na mwezi Julai darasa lake lilipofika kufanya mtihani wa mwisho wa vitendo, mtihani aliotakiwa kuufanya yeye, alimwomba mkufunzi amruhusu yeye awe mgonjwa wao. Wenzake walikuja mmoja mmoja, wakajitambulisha, wakamwambia upande, wakasubiri, na wale walioanza kulia aliwakatalia kugeuzwa hadi wajifute kamasi. Wote walifaulu. Mkanda wa wauguzi waliohitimu yeye hakuuvaa, na mama anaomba msimwite mwanafunzi leo, mumwite muuguzi, na atakayesema vinginevyo nitaonana naye.

Karatasi ya mjomba inasema kwamba asubuhi ya tarehe 18 Agosti 2023, saa nne, marehemu alituaga kwa amani, akatuasa tupendane na tumtunze mama, kisha akalala. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, mkufunzi na wanafunzi wenzake, wafuaji wa chumba cha kufulia walioleta mashuka safi bila kuitwa, majirani mliopika na kukesha nasi, na mafundi wenzangu mliofunga vibanda mkaja.

Karatasi imeishia hapo, ila ile habari ya saa nne niliitunga mimi, nikampa mjomba, na wengi wenu niliwasimulia hivyo hivyo mlangoni. Dada hakusema tupendane. Asubuhi ile shuka lilikuwa limechafuka, nikasikia sauti ya mama kwenye korido, sikutaka aone, nikamshika dada bega nimgeuze haraka, mimi niliyefundishwa mwezi mzima. Akafumbua macho, akasema, "Hujaniambia." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, sina mengine. Nikamwachia, nikaanza upya kama mwanafunzi, nikasema dada, mimi ni mdogo wako, nakugeuza upande wa kushoto, uko tayari, halafu nikasubiri, mikono hewani, kama alivyonisubiri mimi na soda zangu. Mama akaingia, muuguzi akaja akamwekea vidole shingoni, mimi nikawaambia ngojeni, hajajibu. Sikumgeuza. Walimgeuza wao.

Kwa hiyo ninyi mtakaobeba jeneza, msiliguse kwanza. Dada, ni mimi, yule msumbufu. Tunakuinua sasa, tutapita mlangoni taratibu, kisha tutakushusha, na mimi nitakuwa upande wako wa kushoto. Safari hii hatutasubiri ujibu, utusamehe. Pumzika, muuguzi wetu, pumzika kwa amani.