Kabla Mtu Hajaalikwa

Tuktuk ina kiti kimoja tu nyuma, kwa hivyo sikuhitaji kutega sikio. Nilikuwa nimechoka kwa kutembea tangu asubuhi, nikataka kusinzia, lakini wasichana wawili niliopanda nao sokoni Marikiti hawakuniachia. "Nikahi msikitini, kisha watu ishirini tule viazi karai kule ufuoni Mama Ngina," alisema aliyeketi kati. "Ndipo tulipojuana na Sufyan. Naye akiona watu wengi hukosa pumzi, nami ni vivyo hivyo."

"Na kupambwa je, Nabiha?" akauliza mwenzake.

"Sipambwi. Nikalishwe jukwaani, wanawake mia tano wanikague kama kitambaa dukani? Nitazirai, Tumu, wallahi."

Mimi nimewaona maharusi wengi majukwaani, na waliozirai ni wawili tu.

"Mamako ushamwambia?"

Nabiha akaufungua mkoba wake, akaufunga tena. "Namuogopa. Lakini leo namwambia, kabla hajatuma mtu kualika. Watu wakishaalikwa, mama hatakubali aibu ya kuwarudia kuwaambia wasije. Nitapambwa hata kama nimezirai."

Tuktuk ikasimama Buxton. Nilipokuwa nashuka, Nabiha alinishika mkono kwa adabu. "Mama, niombee dua."

"Allah akusahilishie, mwanangu," nikasema. Kazi yangu ni kualika watu harusini, mlango kwa mlango, na tangu asubuhi nilikuwa nimeshabisha milango arobaini na mitatu ya Mji wa Kale, nikiwataja Nabiha na Sufyan.