Leo Zamu ya Nani

Waombolezaji wapendwa, mtuwie radhi mapema, familia ina watu watatu wenye sauti nzuri na akili timamu, lakini historia hii imeangukia mikononi mwa mchekeshaji, kwa hiyo tarehe zote zimehakikiwa na shemeji, na kitakachoharibika ni cha msomaji.

Dada yetu, fundi saa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, akasoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1969, na mwaka 1974 akarithi meza ya baba, ile ya dirishani, yenye lenzi ya jichoni na droo kumi na nane za skrubu ndogo kama chawa. Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Tarehe 9 Septemba 1990, sebuleni kwake, alianzisha kikundi cha kumwimbia Bwana Krishna, wakiwa watano, yeye, mumewe, muuza vitambaa na mkewe, na mdogo wake wa mwisho, ambaye kwa heshima ya familia hatutamtaja. Mdogo huyo alitaka hekalu leo leo, akaagiza sanamu ya Bwana, akatafuta kuhani, na tarehe 17 Aprili 1993, katika stoo nyuma ya karakana, ibada ya kumkaribisha Bwana ikafanyika. Sasa, kwa imani yetu, akishakaribishwa anaishi humo, huamshwa alfajiri, huogeshwa, huvishwa, hulishwa, pazia la mbele ya sanamu hufunguliwa saa kumi na moja kamili, na hairukwi hata siku moja.

"Mdogo wangu, umemleta aishi kwetu," dada alisema, "haya, kesho anaamshwa na nani?"

Mdogo mtu akajibu kwamba kesho ana mazoezi ya jukwaani.

Basi dada akaamka yeye, saa tisa na nusu, kwa miaka kumi na moja, mvua, homa, harusi ya binti. Saa hakuichezea, lakini watu hakuwaharakisha, kila aliyejiunga alianzia kwenye kuosha vyombo vya ibada, mara moja kwa wiki, mpaka azoee kutochelewa. Mtu akikosa, dada alikuwa mlangoni kwake asubuhi hiyohiyo.

"Dada, kwa mwendo huu tutazeeka," mdogo mtu alilalamika.

"Tutazeeka, ndiyo. Na pazia litafunguliwa."

Hekalu lilikamilika mwaka 2004, likiwa na watu ishirini na wanane wa zamu. Moyo wake ulianza kusumbua Februari 2019, na wodini kila asubuhi aliuliza, leo zamu ya nani, akajibiwa, akatulia. Alifariki Alhamisi, tarehe 21 Novemba 2019, mumewe akiwa kando yake, na pazia lilifunguliwa saa kumi na moja kamili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti na sufuria zao, mafundi saa wenzake waliofunga kazi leo, na nyote. Dada, tulia sasa, zamu yako umeimaliza.

Limebaki moja, shemeji amesema lisirukwe. Alhamisi ile dada alikuwa amempangia zamu ya pazia, kwa mara ya kwanza, yule mdogo wake tusiyemtaja, baada ya miaka ishirini na sita ya kuosha vyombo, naye alifika mbio saa kumi na moja na dakika kumi na mbili, akamkuta muuza vitambaa ameshafungua, kwa sababu dada alimwagiza tangu jana yake, "Nenda na wewe, maana huyo atakuwa bado anatafuta kiatu." Kiatu, ndugu zangu, nilikuwa nimekivaa, nilikuwa natafuta cha pili.