Mkwe wa Ruhusa ya Miezi Mitatu

Katika gari la Mkoani Bi Time alikuwa akivuta uradi kwa tasbihi, masikio yake yakiwa kwa Bimkubwa, abiria aliyekaa kando yake. Mkwe wa Bimkubwa, fundi mashine kutoka Tanga, alikaa benchi la nyuma. Mkwe hasemeshwi uso kwa uso, basi Bimkubwa akamsemesha mzee asiyemjua.

"Baba, mkwe wangu huyo wa nyuma ahamia Mombasa na mwanangu!"

"Serikali imemfukuza?"

"Hata! Kwa kuwa ni mtu wa bara, yampa ruhusa ya kukaa Pemba miezi mitatu mitatu tu. Mombasa wamempa miaka miwili, pamoja na mkewe."

"Basi ana haki. Hapa fundi ni kama mchuma karafuu: msimu ukisha, kwaheri."

"Mchuma afadhali, mwakani huitwa tena! Mwambie mwanangu ana mimba ya kwanza, na ya kwanza huzaliwa kwa mama."

Mzee akageuka. "Umesikia?"

"Nimesikia. Mwambie mama, ruhusa yangu yaisha kabla ya mtoto kuja. Nitamwona kwa ruhusa ya nani?"

Bi Time alistaajabu: serikali imeshamtenga mtoto na babake, naye hajazaliwa!

Gari likasimama bandarini. Bimkubwa akajifunika buibui vizuri.

"Baba, hebu muulize: mkunga kama mimi, huko Mombasa hupewa miaka mingapi?"