Vifungo vya Shati

"Mtoto wa bingwa hafiki mbali, mama," mzee mmoja basini alimwambia fundi cherehani aliyeketi naye, wala hakuulizwa. "Nimewafunga mabondia bendeji miaka thelathini. Baba hupanda ulingoni hajui ngumi zitamfanya nini. Mtoto anajua, kayaona nyumbani."

"Maji hufuata mkondo, mzee wangu," alibisha fundi.

"Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na ulingoni ukishtuka tu, umekwisha."

Kila asubuhi, hata leo, mwana wa fundi humfunga baba yake vifungo vya shati, maana mikono ya mumewe, bingwa wa zamani, haitulii tena.

Basi likasimama mbele ya ukumbi wa ngumi.

"Unashuka hapa, mama?" mzee akamuuliza.

Fundi akaikumbatia bukta aliyomshonea mwanawe kwa pambano la leo. Hakuinuka kitini.