Mposaji wa Katuni za Kijapani

Ilikuwa baada ya alasiri, pale Firq, Oman, kwenye benchi la mbele ya gereji ya Hashil. Dele la kahawa lilikuwa linazunguka mara ya tatu na Marhun roho i juu juu. Kabla ya magharibi ampe jibu Bwana Ghanim wa mji wa Adam, aliyemposea mpwawe Yaarub, mhandisi wa gesi kule Sur, kwa Tufool, binti wa pekee wa Marhun. Mposaji lazima aulizwe habari zake kwa watu, ndiyo desturi. Basi Marhun kawauliza hawa wawili: Hashil, maarufu Redio, na Marzouq, aitwaye Bujumbura maana kazaliwa huko na hamwachi mtu asahau. Sasa alikuwa anajuta.

— Kanambia Yaarub mwenyewe nilipompigia simu, alisema Redio. “Ami, mimi otaku.”

— Ndo ugonjwa gani huo? Marhun aliuliza.

— Si ugonjwa, yakhe. Wajapani humwita hivyo mtu aliyezama kwenye katuni hata hajijui. Wenye wazimu wa waimbaji wa kike nao wana jina lao, wota. Mpaka wa treni wana lao!

— Treni? Oman ina treni?

— Ndo ushukuru.

Bujumbura akadakia:

— Hao hujifungia chumbani mwaka mzima. Chakula wanasukumiwa chini ya mlango.

— Biriani itapitaje chini ya mlango?

— Sahani bapa.

— Hayo madogo, alisema Redio. Yuko mmoja kamuoa mwanasesere!

— Na walii wa kumuozesha huyo mwanasesere nani?

Bujumbura akatikisa kichwa:

— Wahenga wamesema, samaki mkunje angali mbichi.

— Ana miaka thelathini! Wallahi mmenichosha! Mwanangu nimtoe au nisimtoe?

— Usimtoe, alisema Redio. Ataenda kuwapikia katuni.

Hapo akatokea Bwana Ghanim mwenyewe, kawahi. Wakasimama wote, wakamkaribisha, wakammiminia kahawa. Akanywa, akatikisa kikombe kuonesha kimemtosha.

— Mpwa wangu hakuficha kitu, alisema. Anayoyapenda keshayasema. Na mimi kanituma niulizie jambo moja tu. Tufool anapenda nini?

Redio akamtazama Bujumbura. Bujumbura akamtazama Marhun.

Marhun akafungua kinywa. Alijua shahada ya binti yake. Alijua alama zake za hesabu tangu darasa la kwanza, na saizi ya viatu vyake.

— Anapenda... alianza. Anapenda sana...

Akaweka kikombe chake chini.

— Bwana Ghanim, alisema mwishowe kwa sauti ndogo, nipe mpaka kesho. Wallahi sijui.