Ng'ombe wa Ngusa Waingia Mtandaoni

Kijiwe chetu cha Ngokolo ni benchi moja refu kwenye kibaraza cha fundi simu, na birika la kahawa la Mama Valerian. Tunaokaa hapo ni watu wazima wenye akili zetu, ila tangu Fredy anunue simu kubwa akili hizo zimeanza kutia mashaka. Tunamwita Injinia, japo hajawahi kutengeneza hata tochi. Kila mara anatuletea programu mpya ya kupanga maisha. Ya kwanza ilitukumbusha kunywa maji, ikalia msibani wakati jeneza linashushwa. Ya pili ilitukumbusha kila jioni tuje kijiweni, nasi tumekaa kijiweni tangu asubuhi. Mwenye haya angeacha. Yeye akaja na albamu ya picha na kalenda ya pamoja, akamwingiza mzee Ngusa pamoja na wakwe zake watarajiwa wa Ushetu ili wapange harusi. Watoto wenyewe wako machimboni Geita, huko ndiko walikopendana. Huku wazazi ndio wanaopatana.

Jana Ngusa alifika amekunja uso.

— Injinia, wakwe wameona ng'ombe wangu.

— Si ndiyo kazi ya albamu, mzee?

— Wameona wote.

Mfugaji wa huku hakusanyi ng'ombe wote zizi moja. Anabaki na wachache nyumbani, wengine anawalaza kwa shemeji na marafiki, ili mwizi, ugonjwa na mkwe wasijue mali yake inaishia wapi. Wakwe walipokuja, Ngusa aliwaonyesha zizi la nyumbani, akaguna, akalaani ukame, na mahari ikapangwa kwa huruma. Lakini kila ng'ombe aliyemlaza kwa watu alikuwa amempiga picha, asije akabadilishiwa. Kumbe programu ikizoa picha za simu, inazoa zote.

— Na kalenda je? aliuliza Theonest, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi.

Ngusa akageuka pembeni. Nikaichukua simu yake nikasoma mwenyewe. Jumamosi asubuhi: kuwaambia wakwe ng'ombe wamekufa na ukame. Chini yake programu imeandika kwamba wahusika wote wamekumbushwa.

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia, wala sioni aibu kusema. Mtu anaficha mali maisha yake yote, halafu uongo wake anauwekea kengele ilie kwa wanaodanganywa.

— Cheka tu, alisema Ngusa. Mchumba wa kwanza wa kijana wangu aliondoka kwa ubishi wangu wa mahari. Na huyu akiondoka, mwanangu hatarudi tena nyumbani kwangu.

Hapo ningetegemea watu washauri vya maana. Injinia akasema wakwe waambiwe picha ni za zamani. Wakili akapinga, akasema picha si ushahidi mpaka ng'ombe mwenyewe akiri.

— Akiri vipi?

— Aitwe jina mbele ya wazee. Asipoitika, si wako.

Injinia hakutaka kupitwa. Akatueleza kwamba simu za siku hizi zinatoa nakala: ng'ombe akigeuka kidogo tu, zinamhesabu wa pili. Kwa hesabu yake, kundi zima la Ngusa lilikuwa ng'ombe watatu wanaopenda kugeuka. Nikamuuliza mbona yumo mweusi, mwekundu na wa madoa. Akajibu ni mwanga. Wakili akataka wakwe washtakiwe kwa kuingia zizini bila hodi. Ndipo Injinia akatoboa siri kwamba ipo programu inayofuta picha hata kwa mtu aliyekwisha kuiona.

— Inafuta kwenye simu au kichwani? nikauliza.

— Ya bure ni kwenye simu tu.

Tukiwa kwenye upuuzi huo, bodaboda ikasimama, akashuka mama wa makamo aliyejifunga kitenge cha safari. Ngusa akainuka haraka. Alikuwa Paskalina, shangazi wa binti anayeolewa.

— Mwangaluka, akatusalimu.

— Mhola, tukaitikia, na Wakili akamnong'oneza Ngusa asikiri kitu.

Ngusa hata hivyo akaanza na ukame. Mama akamkatiza kwa upole.

— Ya ng'ombe utaongea na kaka yangu. Mimi nimetumwa na mama yetu, bibi yake binti. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo nimekaa naye nikimsimulia picha zako moja moja. Mwishoni akaniuliza jambo, nikashindwa kumjibu.

— Jambo gani, shemeji?

— Kijana mwenyewe ni yupi?

Ngusa akaichukua simu. Akapekua. Pembe, masikio, ndama anakunywa maji, nundu. Injinia akadakia kwamba programu inatambua sura, iandikiwe tu jina. Ikaandikiwa Maduhu, jina la kijana. Ikatafuta kwa muda mrefu, ikaleta fahali mwenye baka jeupe usoni.

Hakuna aliyecheka, hata mimi.

— Ni mrefu, alisema Ngusa.

— Mrefu, sawa. Bibi atataka kujua zaidi. Siku hizi ana ndevu?

Ngusa alitutazama mmoja mmoja, akitafuta kati yetu mtu anayejua.